Marrakech hadi Merzouga kwa siku mbili? Haitoshi

Hapana, kwa siku mbili hufiki Merzouga, kijiji cha ukingoni mwa jangwa la Sahara huko Morocco, ukarudi Marrakech. Kwenda tu ni zaidi ya kilomita 550, mwendo wa saa tisa hadi kumi bila kuhesabu vituo, na gari lazima kwanza lipande milima ya Atlas kwa kona za Tizi n'Tichka, njia ya kuvukia milima hiyo, mita 2,260 hivi juu ya usawa wa bahari. Safari za siku mbili zinazotangazwa kuwa za jangwani kwa kawaida huishia mji wa Zagora, kwenye mawe na changarawe kuliko mchanga. Yale matuta makubwa ya rangi ya chungwa mnayoyaona pichani ni Erg Chebbi, na yako Merzouga.

Chukua siku tatu, na ukiweza mmalizie mji wa Fes badala ya kurudi njia ileile. Nilipita hivyo, sijutii. Ila usikubali wanaokusafirisha waruke Aït Ben Haddou, kijiji cha kale chenye ngome za udongo, kilicho kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1987: ukisogelea kuta zake unaona majani makavu yaliyokandwa pamoja na udongo.

Januari theluji huweza kufunga Tichka, kwa hiyo weka siku ya akiba kabla ya ndege.