Maji ya AC yanamwagika ndani ya gari: je, niongeze gesi?

SWALI: Habari, fundi. Natumia Toyota IST hapa Tanga. Nikitembea na AC kama nusu saa, zulia la mbele upande wa abiria linalowa chapachapa, na nikikata kona nasikia maji yakicheza ndani ya dashibodi. Baridi inatoka vizuri. Fundi mmoja kaniambia gesi imepungua, niongeze. Nimsikilize?

JIBU: Salama, ndugu. Hela ya gesi iweke kwanza. Gesi ikipungua inaweza kweli kuleta maji, kwa sababu ivaporeta (kile kifaa cha ndani ya dashibodi kinachopoza hewa) huganda barafu, na barafu ikiyeyuka maji humwagika. Lakini hapo ungeona baridi ikififia na upepo ukidhoofu kadiri unavyoendesha. Kwako baridi ni nzuri na maji yanasikika kwenye kona. Ninavyoona mimi, mpira wa kutolea maji umeziba.

AC yoyote nzima hutoa maji. Hewa yenye unyevu ikigusa ivaporeta, hutona kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na kwa hewa ya pwani maji hayo ni mengi. Hudondokea kwenye trei iliyo chini yake, kisha hutoka nje kwa mpira mdogo unaopita kwenye ukuta unaotenga injini na abiria. Vumbi, majani, hata udongo wa nyigu vikiuziba, trei hujaa na kumwagikia miguuni. Simamisha gari AC ikiwa inafanya kazi, dakika 15 hivi, uchungulie chini. Pakiwa pakavu, jibu umelipata.

Ila yaguse maji yenyewe kwanza. Ya AC hayana rangi wala utelezi. Yakiteleza, yakiwa na rangi na harufu ya utamutamu, hiyo ni kulenti (maji ya kupozea injini) inayovuja kwenye hita. Usiendelee kuendesha, injini itachemka. Na kama zulia hulowa baada ya mvua hata AC ikiwa imezimwa, kagua raba za milango na mifereji iliyo chini ya waipa.

Kuzibua si kazi kubwa. Injini ipoe, gari liwe sehemu tambarare, ulipandishe kwa jeki na kuliweka juu ya stendi. Tafadhali, usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Upande wa kushoto, kwenye ukuta ule nyuma ya injini, tafuta mpira mfupi mweusi. Uminyeminye kwa vidole. Mara nyingi tope hutoka na maji yakafuata, kwa hiyo usiweke uso chini yake. Yasipotoka, tumia mashine ya kufyonza inayoweza kunyonya maji. Gereji nyingi hupenda kupuliza upepo wa kompresa kwa nguvu zote, nami sikushauri: unaweza kuchomoa maungio ya ndani na kurudisha uchafu juu. Waya wenye ncha kali nao uweke mbali, utatoboa ivaporeta, na hapo ndipo gharama ya kweli inapoanza.

Zulia usilifunike tu. Chini yake kuna sponji nene inayohifadhi maji hata juu pakionekana pakavu, na katika magari mengi nyaya na soketi hupita humo. Linyanyue, likauke juani kabisa, vinginevyo utapata ukungu na kutu sakafuni. Fungua pia droo ya dashibodi ukague filta ya AC. Ikiwa imejaa vumbi, badilisha.

Baada ya hapo washa AC tena. Maji yakidondoka nje lakini ndani bado kunalowa, basi trei imepasuka au mpira umechomoka kwa ndani. Hapo huenda dashibodi ikalazimika kufunguliwa, na kazi hiyo mpe fundi wa AC mwenye uzoefu.