Kabla Hujanunua Kadi ya Pili ya Grafiki, Jua Kwanza Kazi Yako Inagawanyikaje

Juzi jioni kijana mmoja wa mtaani kwetu Tabata alinijia na picha kwenye simu. Kapata kadi ya grafiki iliyotumika, GTX 1060 ya Nvidia, Kariakoo, sawasawa na aliyonayo nyumbani, na muuzaji kamhakikishia kwamba zikikaa mbili pamoja gemu zitakwenda kasi mara mbili. "Kaka, hela ninayo, kesho asubuhi naifuata."

Nikamwambia akuze picha tuangalie ukingo wa juu wa kadi. Kadi za Nvidia za kizazi kile zilizotengenezwa kufanya kazi kwa jozi zina meno ya rangi ya dhahabu pale juu, upande ule wa kuchomekea monita. Hapo ndipo hukaa kile kipande cha kuziunganisha, ambacho sisi tunakiita daraja. GTX 1060 haina meno hayo. Haikuwa nayo tangu ilipotoka mwaka 2016. Angechomeka zote mbili, na karibu gemu zote zingeendelea kutumia moja huku nyingine inakula vumbi.

Naandika haya kwa ajili yake na kwa wote wanaoniuliza swali hilohilo, maana mwaka uleule wa 2016 mimi nilisimama palepale alipokuwa amesimama yeye.

Nilikuwa na GTX 970. Naipenda, imenitumikia vizuri, ila imeanza kuchoka. GTX 1070 ndiyo kwanza imetoka, na dukani mpya nilitajiwa 1,050,000. Halafu nikapata 970 ya pili, iliyotumika, kwa 420,000. Kwa makaratasi, 970 mbili zilikuwa zinaipita 1070 moja. Bodi mama yangu ilikuwa ya Z97, yenye sloti mbili zinazogawana njia za data nane kwa nane, na hilo ndilo sharti la Nvidia ili SLI, yaani mfumo wao wa kufanya kadi mbili zichore gemu moja, ikubali kuwaka. Sikuona cha kunizuia. Nikanunua.

Gemu ya kwanza kuijaribu ilikuwa GTA V, na lazima niseme kweli: ilipaa. Watengenezaji wake walikuwa wameiandaa kwa kadi mbili, na ulikuwa unaiona tofauti hata bila kupima. Ndiyo maana mtu aliyewahi kuonja siku moja nzuri ya SLI huitetea mpaka leo. Mambo yaliharibika nilipofungua gemu nyingine.

Tazama kazi inavyogawanywa. Kadi mbili za SLI hupokezana fremu, yaani zile picha mojamoja zinazounda mwendo kwenye skrini: hii inachora ya kwanza, ile ya pili, hii ya tatu, na kuendelea. Ili mapokezano hayo yafanikiwe, kila fremu inabidi ijitegemee. Gemu nyingi za miaka hii hazichori namna hiyo tena. Ili kulainisha kingo za picha zinaazima data ya fremu iliyopita, na fremu iliyopita imechorwa na kadi nyingine. Basi ama kadi zisubiriane, ama draiva, yaani programu inayoiongoza kadi, iache moja ifanye kazi peke yake. Katika gemu tano nilizokuwa nacheza wakati ule, tatu ziliiacha kadi ya pili, ile ya sloti ya chini, kwenye asilimia sifuri ya kazi muda wote.

Na hata pale zilipofanya kazi zote mbili, macho yangu yaliona kitu ambacho namba haikukionyesha. Kona ya skrini inasema fremu 60 kwa sekunde, lakini gari likikata kona picha inagugumia. Fremu 60 zikija kwa mpangilio, kila moja inafika baada ya milisekunde 16 na ushei. Nilipozipima zangu, moja ilikuwa inakuja baada ya milisekunde 8, ya pili baada ya 25, kisha 8, kisha 25 tena. Wastani ni uleule. Lakini ukipanda daladala ambayo dereva anakanyaga mafuta na kuachia, anakanyaga na kuachia, shingo yako haijali kwamba wastani wa mwendo ni mzuri.

Memori ya kadi ndiyo inayowapoteza wengi zaidi. Kadi yenye GB 4 ukiiongezea yenye GB 4, kwenye gemu bado una GB 4, kwa sababu kila kadi inabeba nakala yake ya vitu vilevile. Na ile 970 ilikuwa na lake zaidi: nusu GB ya mwisho katika zile nne ilikuwa ya mwendo wa pole, jambo lililozua kelele kubwa mwanzoni mwa 2015. Gemu zilianza kudai GB 6, mimi nina kadi mbili na memori ya kadi moja. 1070 ilikuja na GB 8.

Halafu ikaingia Desemba, na Desemba ya Dar mnaijua. Feni za kadi ya juu zilikuwa vidole viwili tu kutoka mgongo wa kadi ya chini, kwa hiyo zilikuwa zinavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto. Ya chini ilikaa nyuzi 67, ya juu ikapanda hadi 84. Usiku mmoja, katikati ya gemu, kompyuta ikazima yenyewe. Nikaiwasha, ikazima tena baada ya dakika kumi. Nilipofungua kasha nilikutana na harufu ya plastiki iliyopata moto. Kila 970 ilitaka waya mbili za pini 6, pawa saplai yangu, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ilikuwa na mbili tu, na hizo nyingine fundi alikuwa ameziunga kwa viunganishi vya kubadili kutoka soketi za zamani za diski. Kimoja kilikuwa kimeanza kugeuka kahawia.

Niliichomoa pawa saplai, nikaigeuza na kusoma kibandiko. Naomba na wewe ufanye hivyo leo, kabla hujanunua chochote. Juu imeandikwa 600 kwa maandishi makubwa. Hiyo iache. Tafuta mstari wa +12V, maana kadi ya grafiki na prosesa ndipo zinapokula. Wangu ulisema ampea 30. Zidisha kwa 12, unapata wati 360. Kadi mbili za wati 145 kila moja ni 290, prosesa yangu wati 88, jumla 378, kabla hujahesabu feni hata moja. Nilikuwa nimeipita kikomo tangu siku ya kwanza.

Pawa saplai nzuri ilinigharimu 230,000. Sasa weka hesabu mezani: 420,000 ya kadi na 230,000 ya pawa saplai ni 650,000. Kama ningeuza 970 yangu ya kwanza, na wakati ule nilikuwa nimeshaahidiwa 350,000, ningeongeza 700,000 nikaipata 1070 mpya, inayokula wati 150, kwenye pawa saplai ileile ya zamani. Elfu hamsini. Hiyo ndiyo tofauti iliyonifanya niishi mwaka mzima na kelele, joto na picha inayogugumia. Bei ya kadi ya pili isikudanganye; jumlisha na gharama zote zinazoifuata nyuma.

Siku hizi, kwa upande wa gemu, hadithi hii imefungwa kabisa. Kampuni ya 3dfx walianza kuunganisha kadi zao mbili za Voodoo2 mwaka 1998, Nvidia wakaifufua SLI mwaka 2004, washindani wao ATI wakaleta CrossFire yao mwaka uliofuata. Lakini katika kizazi cha RTX 30, RTX 3090 na RTX 3090 Ti pekee ndizo zilikuwa na sehemu ya daraja, na kwenye RTX 40 hakuna hata moja. Kuanzia Januari 2021 Nvidia waliacha kutoa maandalizi mapya ya SLI kwenye draiva kwa kadi za RTX 20 na zilizotangulia. AMD nao, walioinunua ATI, RX 5700 yao ya 2019 ilitoka bila CrossFire. Atakayekuuzia kadi ya pili kwa ajili ya gemu anakuuzia kitu ambacho waliokitengeneza wameshakiacha.

Sasa upande wa pili, maana leo hii kwenye kompyuta yangu ya kazi kuna kadi mbili na sijutii.

Natengeneza picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa, na kurenda, yaani kuigeuza michoro ya 3D kuwa picha kamili, nafanya kwa programu ya Blender, kwa injini yake ya Cycles. Nilikuwa na RTX 3060 ya GB 12, nikaongeza nyingine. Hakuna daraja, hakuna SLI. Unaingia kwenye mipangilio, unaweka tiki kadi zote mbili, basi. Hata kama ni modeli tofauti zinakubali. Kurenda kunagawanyika vizuri kwa sababu sehemu moja ya picha haihitaji kusubiri sehemu nyingine. Fremu iliyokuwa inachukua dakika 4 na sekunde 5 ikashuka hadi dakika 2 na sekunde 10. Chukua video fupi ya fremu 240: saa 16 na dakika 20 zikawa saa 8 na dakika 40. Naiwasha ninapokwenda kulala, asubuhi mteja anapata kazi yake, na kwa umeme wetu huu kila saa unayoipunguza inapunguza uwezekano wa kukatikiwa katikati. Memori bado haijumlishwi, hilo lishike. Kazi ikihitaji GB 14, kadi mbili za GB 12 hazitaibeba vizuri. Itakataa, au itaanza kukopa RAM ya kompyuta na kusuasua.

Kwa wanaoendesha modeli za lugha za akili mnemba nyumbani, mambo yanageuka. Programu kama llama.cpp huikata modeli kwa tabaka, mengine kadi hii, mengine ile, na hapo GB 12 mbili zinakupa kweli nafasi ya GB 24. Kasi haiwi maradufu, ila modeli ambayo isingeingia kabisa inaingia.

Wahariri wa video za harusi, ambao ni wengi kwenye ujumbe ninaopokea: DaVinci Resolve ya bure hutumia kadi moja. Ili ya pili ifanye kazi unahitaji Studio, ya kulipia. Jumlisha na hiyo.

Kwa kijana wangu wa gemu nilimpa jibu moja: uza 1060, ongeza hela, chukua RX 6600 ya AMD. Ni ya 2021, ina GB 8, kwenye gemu ni karibu mara mbili ya 1060, na inakula wati 132, wakati 1060 ilikuwa inakula 120. Pawa saplai haisumbuki, ila inataka waya wa pini 8 badala ya ule wa 6. Tulihakiki, wake unao. Prosesa yake ni Intel i5 ya kizazi cha nne, itaibana kidogo, lakini hiyo ataibadilisha siku nyingine na kadi atahama nayo.

Jumamosi tulikwenda wote Kariakoo, kompyuta yake tumeipakata kwenye bajaji. Tangu sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, Septemba 2022, kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana zimeingia sokoni, kwa hiyo sikubali kulipa bila kupima. Kwanza nilizungusha kila feni kwa kidole, kusikiliza kama inakwaruza. Kisha tukafungua GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, ambayo ikikuta kadi iliyobadilishwa jina huandika neno FAKE mbele yake. Kadi mbili za kwanza tulizirudisha. Ya tatu tuliitesa nusu saa nzima palepale kibandani, feni ya meza ya muuzaji ikiwa imezimwa kwa ombi letu, na ikasimama kwenye nyuzi 74 bila kupanda tena. Kijana akahesabu noti. Ile 1060 aliiacha kwa muuzaji huyohuyo kama sehemu ya malipo.