Kwa nini kilomita 15,300 hazimalizwi kwa saa 17?

SWALI: Nimesoma kwamba kutoka uwanja wa ndege wa Changi, Singapore, hadi ule wa John F. Kennedy, New York, ni takribani kilomita 15,300. Ndege kubwa ya abiria huenda karibu kilomita 900 kwa saa, hivyo nikigawanya napata saa 17. Mbona ratiba huonyesha zaidi ya saa 18, na bado ndege inayoondoka saa sita usiku hufika asubuhi ya tarehe ile ile?

JIBU: Kugawanya kwako hakuna kosa, ila kilomita hizo ni za njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia, nayo si lazima iwe njia ambayo rubani ataifuata. Chukua tufe, uvute uzi kati ya miji hiyo miwili hadi ukaze: utaona unapita karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini, jambo ambalo ramani bapa ya ukutani hailionyeshi hata kidogo.

Kinachoamua zaidi ni upepo. Zile kilomita 900 ni mwendo wa ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe haikutulia; kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 kuna mikondo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ambayo wakati mwingine huzidi kilomita 300 kwa saa. Kwa sababu hiyo, ndege inayotoka Singapore mara nyingi huelekea Japani na kuivuka Pasifiki ikisukumwa na upepo huo, ingawa njia hiyo inaweza kuzidi kilomita 16,000, kwa kuwa urefu wa ziada hufidiwa na msukumo wa upepo na mafuta yanayookolewa. Inaporudi, mara nyingi huvuka Atlantiki na Ulaya, yaani huelekea mashariki tena! Ni viwanja vichache sana duniani vilivyokaa mbalimbali kiasi cha kuruhusu jambo hilo, nami naliona kuwa la kupendeza kuliko yote katika safari hii.

Aidha, muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya kule iendako, si angani tu.

Kuhusu tarehe, New York iko nyuma ya Singapore kwa saa 12 majira ya joto na saa 13 majira ya baridi. Saa sita usiku wa kuamkia Jumatatu huko Singapore, majira ya joto, New York bado ni Jumapili adhuhuri. Ongeza safari ya saa 18 na dakika 40, nawe utafika Jumatatu saa 12:40 asubuhi. Kwa hiyo anayetumia dawa kila baada ya saa kadhaa ahesabu saa zote 18 na dakika 40 alizosafiri, wala si zile sita na ushei zinazoonekana kwenye tiketi.