Tundu la pili la kabureta: kulipima kwa kupiga resi gari likiwa limesimama ni kujidanganya

Mkuu, nimekuelewa hivi: Corolla KE70, injini 4K, kwenye tambarare kati ya Igawa na Chimala inakimbia vizuri, lakini ikianza kupanda mlima Kitonga unakanyaga mafuta mpaka mwisho na haiongezi kitu. Fundi akafungua chujio la hewa, akapiga resi gari likiwa limesimama, akaona kibati (kile kinachofungua na kufunga njia ya hewa) cha tundu la pili, yaani tundu linalosaidia la kwanza unapohitaji nguvu nyingi, hakisogei. Akasema kabureta imekufa, nunua nyingine. Usinunue kwanza. Kipimo hicho kwa kabureta nyingi hakithibitishi chochote.

Anza kwa kujua kabureta yako ni ya aina gani. Kuna zinazofungua tundu la pili kwa mkono wa chuma: kibati cha kwanza kikifika karibu theluthi mbili, kinaanza kuvuta cha pili, na pedeli ikifika mwisho vyote viwili vinasimama wima. Weber 32/36 DGV, ambayo wengi huifunga kwenye magari ya zamani, ni ya aina hii. Nyingine zinatumia vakyumu, yaani mvuto wa hewa. Hizi utaona kikopo cha mviringo pembeni mwa kabureta, kina diaframu (utando wa mpira) ndani, na fimbo nyembamba inatoka humo kwenda kwenye mkono wa kibati cha pili. Kabureta nyingi za Aisan kwenye Toyota za miaka ya 1970 na 1980 ziko hivyo.

Ya mkono wa chuma inapimwa injini ikiwa imezimwa. Mtu akae ndani akanyage pedeli mpaka chini, wewe uchungulie kwa tochi. Sisitiza akanyage kwa mguu. Ukivuta kwa mkono kwenye kabureta kila kitu kitafunguka na utaondoka bila kuona kwamba kebo imelegea, au zulia limekunjana chini ya pedeli, ugonjwa ambao unapatikana mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Angalia pia choki, ile inayopunguza hewa ili injini ya baridi iwake. Kwenye kabureta nyingi choki ikiwa imevutwa tundu la pili linafungwa kwa makusudi. Baridi ya Mbeya ya Juni na Julai watu wanavuta choki kila asubuhi, kebo ina kutu, wanairudisha kwenye dashibodi lakini kule kwenye kabureta haijarudi yote. Gari linatembea siku nzima na tundu moja.

Ya vakyumu ndiyo inayoonewa. Vakyumu yake haitoki kwenye manifodi (bomba la kuingiza mchanganyiko kwenye injini), inatoka kwenye sehemu nyembamba ya koo la kabureta, na inaongezeka kadiri hewa inavyopita kwa wingi. Gari likiwa limesimama bila mzigo, injini inafika resi kubwa kwa hewa kidogo tu, kwa hiyo diaframu haina sababu ya kuvuta. Kibati kikikaa kimya hapo, ni sawa kabisa.

Kipimo chake kina sehemu tatu. Injini ikiwa imezimwa na choki imefunguka, shikilia kibati cha kwanza kikiwa wazi kabisa, kisha sukuma mkono wa kibati cha pili kwa kidole. Kiende mpaka mwisho bila kukwaruza na kirudi chenyewe kwa springi. Kikiwa kizito, ni utando wa petroli iliyokauka kwenye shafti, au vumbi, au shafti imelika. Dawa ya kusafishia kabureta na kuchezesha mara nyingi vinatosha. Usifungue skrubu ndogo za kibati. Ncha zake zimepondwa ili zisitoke, na ikilegea moja ikaingia kwenye silinda, hasara ni kubwa.

Pili, toa kikopo kizima kwenye kabureta, sukuma fimbo ndani mpaka mwisho, ziba kwa kidole tundu la hewa la upande wa vakyumu, halafu achia fimbo. Ikibaki imevutwa, diaframu ni nzima. Ikirudi taratibu au mara moja, imetoboka au ukingo haujabana. Kabla ya kulaumu diaframu angalia gasketi ndogo inayozunguka njia ya vakyumu. Ni rahisi kuisahau au kuikata vibaya, na bila hiyo diaframu mpya itakuwa kama iliyotoboka.

Tatu, na hiki ndicho kipimo chenyewe: barabarani, chini ya mzigo. Chukua kipande cha ganda la waya wa umeme, urefu wa milimita 5 hivi, kipasue upande mmoja, kibane kwenye fimbo kikigusa kikopo. Kishike kiasi cha kutoteleza chenyewe. Hakikisha hakikwami kwenye mkono wowote na resi inarudi vizuri, kisha rudisha chujio la hewa. Injini ikishapata moto, panda kilima gia ya tatu ukikanyaga mpaka mwisho hadi resi iwe juu. Mbalizi kupanda Iwambi alfajiri, malori yakiwa machache, panafaa. Ukiwa Iringa, Ipogolo kupanda mjini. Kitonga usijaribie, kona zile na malori hazikupi nafasi. Simama, fungua boneti. Fimbo ikiingia kwenye kikopo ganda husukumwa, na ikirudi, ganda linabaki mbali na kikopo. Umbali huo ndio mwendo wa fimbo. Ulinganishe na mwendo wote uliousukuma kwa kidole. Ukipata nusu na kuendelea, tundu linafunguka. Ganda likiwa palepale, halifunguki.

Kufunguka peke yake hakutoshi, kwa sababu hewa inaweza kuingia bila petroli. Hapa mguu wako unakupa jibu. Ukitoka theluthi mbili ya pedeli kwenda mwisho na hakuna kinachobadilika, tundu la pili limefungwa. Lakini ukikanyaga mwisho gari linazama kwa sauti nzito, ukiachia kidogo linavuta vizuri zaidi, basi linafunguka na halipati petroli ya kutosha. Jeti (kitundu kinachopima petroli) ya tundu la pili hukaa muda mrefu bila kutumika, petroli inakauka humo na kuziba. Itoe, ipulize kwa upepo wa kompresa. Usiichokonoe kwa waya wala sindano. Jeti ya milimita 1.5 ikipanuka ikawa 1.6, eneo lake limeongezeka karibu asilimia 14, na hapo utaanza kutafuta ugonjwa mwingine.

Pima na pampu: chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta injini ikiwa ya baridi, uelekeze kwenye chupa, mtu apige stata. Injini ya 1,290 cc kwa nguvu zote inakula chini ya theluthi ya lita kwa dakika, hivyo pampu inayotoa nusu lita kwa dakika inatosha. Kwenye Aisan kuna kioo kidogo pembeni mwa bakuli la floti (boya la petroli). Petroli ikae kwenye alama, gari likiwa tambarare.

Usisahau hewa yetu. Mbeya iko karibu mita 1,700, shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kulinganisha na Dar es Salaam. Sehemu ya nguvu uliyopoteza haina fundi wa kuirudisha. Mchanganyiko nao unazidi petroli kwa asilimia kama 8, na diaframu inachelewa kuvuta. Ukiona moshi mweusi na plagi zenye masizi, gari lilisetiwa pwani. Linaloishi huku linaweza kushushwa jeti kuu, mfano namba 110 kwenda namba 105. Ila ukishuka Kyela, ambako Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, au ukirudi Dar, rudisha ya mwanzo, la sivyo injini itakosa petroli kwenye mzigo na kuchemka.

Jambo moja naomba ulikatae hata ukihakikishiwa: kufunga mikono miwili pamoja kwa waya ili kibati cha pili kifuate cha kwanza. Kabureta ya vakyumu haikutengenezwa hivyo. Resi ikiwa ndogo, hewa inapita polepole mno kuvuta petroli kwenye jeti, gari linazama kila unapokanyaga, tena waya ukikwama resi haitarudi. Diaframu ikiwa imechanika, nunua diaframu peke yake. Nenda na ile ya zamani dukani ulinganishe matundu ya skrubu na urefu wa fimbo. Wakati wa kufunga, shikilia fimbo ili mpira ulale bila mkunjo, kaza skrubu kwa kupokezana, na rudia kipimo cha kuziba tundu kwa kidole kabla ya kurudisha kikopo.