Mtoto kapigwa njiani akitoka shule: kabla ya kuchanga ukuta, waulizeni wanafunzi

Dada mleta mada pole sana. Umesema kijana wako wa fomu tuu kapigwa na wenzake akirudi nyumbani, shule wakakujibu limetokea nje ya geti haliwahusu, na sasa wazazi mnataka kuchanga mjenge ukuta na kuweka mlinzi. Mi nimekuwa mwalimu wa malezi miaka saba kwenye shule ya kata huku Ilemela, Mwanza, karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ngoja nikwambie nilichokiona.

Ukuta si mbaya, ila kwetu ulipojengwa ugomvi ukahamia nyuma ya vyoo na kwenye mawe. Mnaoijua Mwanza mnajua haya mawe yetu, nyuma ya jiwe moja wanakaa vijana kumi na mwalimu anapita hata mmoja hamuoni.

Kilichotufumbua macho ni karatasi tu. Tuliwaambia wanafunzi wachore shule na njia ya kurudi nyumbani, bila kuandika jina, waweke alama pale wanapoogopa kupita na waandike ni saa ngapi. Walimu tulikuwa tushachora ya kwetu, tukaweka alama getini na uwanjani. Aisee ya watoto haikufanana na yetu hata kidogo! Vyoo vya wavulana saa ya mapumziko, madarasa ya mwisho asubuhi kabla mwalimu wa zamu hajafika, njia ya mkato ya kushukia mwaloni, halafu kituo cha daladala jioni maana makonda wanawakataa wanafunzi basi wanarundikana pale saa nzima wakubwa kwa wadogo, na hapo ndo vita vinapoanzia. Wasichana waliweka alama sehemu ambayo hakuna mvulana hata mmoja aliyeiweka, kijiwe cha bodaboda. Kwahiyo mkifanya hilo zoezi karatasi za wasichana zikae kivyake, na fomu wani kivyao.

Jambo lingine nililiona kwenye mahudhurio. Vijana wetu kadhaa wanavua dagaa usiku, na dagaa wanavuliwa kwa taa, hivo kukiwa na giza wako ziwani, darasani hawaonekani au wanasinzia, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika nao wanarudi shule kwa pamoja, wana hela mfukoni, wanadaiana madeni ya kamari, na kuna wenzao wanawazibia pua eti wananuka. Nilipoweka daftari la matukio pembeni ya kalenda nikakuta ugomvi mwingi unaangukia siku hizohizo. Tangu hapo siku za mbalamwezi tunakaa walimu wawili wa zamu jioni, na tunawasindikiza mpaka kituoni.

Sasa hili ndo kubwa. Mwaka mmoja kijana wa fomu tatu alikuja na kisu cha kupaa samaki kwenye soksi. Alikuwa ametukanwa wiki nzima kuhusu mama yake anayeanika dagaa. Wenzake watano walijua tangu jana yake na hakuna aliyekuja ofisini, kwasababu sisi tulikuwa tunachapa wote, aliyepiga, aliyepigwa na aliyeshuhudia, nani atakuja kusema? Mmoja akamwambia mama muuza mihogo wa getini, yule mama akaniita pembeni. Nilimtoa kijana darasani taratibu, tukakaa, akakitoa mwenyewe huku analia, kachoka. Tukamwita mjomba wake na polisi kata, tukauliza maswali ya maana: ni hasira za mdomo au alishapanga, anamlenga nani, silaha kaipata wapi, na kwanini leo. Waliokuwa wanamtukana nao tuliwaita na wazazi wao, maana kumshughulikia mwenye kisu peke yake ni kuacha moto kwenye majivu.

Na hili la wenzake kujua haliko kwetu tu. Marekani baada ya mauaji ya shule ya Columbine 1999, Secret Service, yaani idara inayomlinda rais wao, na wizara yao ya elimu walichambua mashambulizi 37 ya shuleni ya kati ya 1974 na 2000, ripoti ikatoka 2002. Kwenye 81% ya matukio kulikuwa na walau mtu mmoja aliyejua mapema kwamba kuna kitu kinapangwa, na wengi wa hao waliojua ni wanafunzi wenzao. Wakasema pia hakuna sura moja ya mtoto wa namna hiyo kwamba ukimwona tu utamjua.

Kwahiyo dada, kesho usianze na mchango. Mkalishe mwanao akuchoree njia yake, muulize kwa upole nani mwingine anapigwa pale na nani aliona. Usimlazimishe kutaja majina mbele ya watu, akionekana kataja atapigwa tena na hatakwambia kitu maisha. Nenda na hiyo karatasi kwa mkuu wa shule, mwombe wafanye zoezi shule nzima na mwalimu wa zamu afike kituoni jioni, likigoma peleka kwenye bodi ya shule na mtendaji wa mtaa. Kama kuna vitisho vya silaha au unyanyasaji wa kingono usisubiri kikao, nenda dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, ni bure. Na huyo mama anayeuza vitu getini kwenu, kamsalimie, kaa naye kidogo umsikilize.