Insha mwachie, wewe shika karatasi

Kwenye kadi yangu ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii, jina la baba limekaa mahali pa jina la katikati. Kwa miaka kumi na moja hapa Marekani halikunisumbua, mpaka usiku mmoja wa Oktoba nilipokuwa nafungua akaunti ya FAFSA, ili binti yangu aombewe msaada wa kulipia chuo. Nikaandika majina yangu matatu kwa mpangilio wa cheti cha kuzaliwa, mfumo ukanikataa. Nikarudia, ukanikataa. Yeye, wakati huo yuko darasa la 12, mwaka wa mwisho kabla ya chuo, alisimama nyuma ya kiti akitafuna tofaa. "Mama, andika kama kadi inavyosema, si kama babu alivyosema." Nikaandika hivyo, ukapita.

Nimeanza na majina kwa sababu sisi wa majina matatu tunakwama papo hapo, halafu tunafunga kompyuta na kusema tutamalizia kesho. FAFSA ndiyo fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu wa kulipia chuo, na vyuo vingi na majimbo huitumia pia kugawa pesa zao. Herufi ya kwanza ya jina lake, F ya "free", maana yake ni bure, kwa hiyo yule ndugu anayewajazia watu kwa dola mia, mpe chai aende zake. Kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba. Mwaka 2023 ilichelewa mpaka mwisho wa Desemba kwa kuwa ilikuwa inabadilishwa. Raia, mwenye green card na mkimbizi aliyepokelewa rasmi wote wanaruhusiwa kuomba. Mwanafunzi ana akaunti yake na mzazi ana yake, kila mmoja kwa barua pepe yake, na kila mmoja lazima akubali taarifa zake za kodi zivutwe kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Mzazi asipokubali, mtoto hapati msaada wa serikali kuu. Nawajua akina baba waliogoma eti hawataki serikali ijue mshahara wao. Jamani, serikali hiyo hiyo inayowakata kodi kila mwezi! Ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell peke yake, ambayo hairudishwi, ilifika mpaka dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025–26.

Sasa kosa langu. Maombi mengi ya kujiunga na vyuo hupitia Common App, fomu moja ya mtandaoni inayotumwa vyuo vingi, inayofunguliwa tarehe 1 Agosti, na insha yake kuu haizidi maneno 650. Mimi nikamshikia bango binti yangu aandike safari yetu: masanduku mawili, baridi ya usiku wa kwanza, machozi. Niliamini itawagusa watu wa chuo. Akaandika kwa kunitii. Mwalimu wake wa Kiingereza akaisoma, akamwuliza kwa upole, "Na wewe uko wapi humu?" Kweli hakuwemo. Alifika hapa ana miaka sita, na anachokumbuka ni zulia la uwanja wa ndege. Safari ile ilikuwa hadithi yangu mimi.

Akaifuta. Akaandika kuhusu kazi yake ya Jumamosi kwenye duka la vyakula: alivyojifunza kwa kidole gumba kujua parachichi lina siku ngapi kabla ya kuiva, na alivyobishana na meneja juu ya yale yanayotupwa. Mimi niliona jambo dogo mno kumpelekea mtu wa chuo. Nilijikaza nisiseme, nikaenda kuosha vyombo. Mpaka leo ile insha naisoma nikitaka kujua mwanangu ni nani.

Penye sauti ya mzazi ni kwenye orodha ya shughuli. Common App inatoa nafasi kumi za kutaja anachofanya mtoto nje ya darasa, kila moja kwa maelezo yasiyozidi herufi 150. Yeye alijaza mbili, kwaya na lile duka, akasema basi. Nikamwuliza, na wadogo zako unaowachukua shuleni kila siku? Na bibi unayemtafsiria hospitalini? "Mama, hiyo si shughuli. Hayo ni maisha." Kumbe fomu yenyewe ina kipengele cha majukumu ya familia. Tukakaa mezani tukihesabu saa kwa wiki, akakuta ni kumi na sita. Mtoto aliyelelewa kwetu haoni kwamba kulea ni kazi, na asiyekaa nyumbani kwako hawezi kumkumbusha.

Barua za walimu ziombwe kabla ya likizo ya kiangazi ya darasa la 11, kwa mwalimu anayemjua mtoto vizuri, hata kama alimpa B. Kuhusu SAT, mtihani wa kuombea chuo, angalieni sera ya kila chuo: mfumo wa Chuo Kikuu cha California hauitazami kabisa, chuo cha MIT waliirudisha mwaka 2022, na vingine vingi vinamwachia mtoto achague kuituma au kutoituma. Mazoezi yapo bure kwenye tovuti ya Khan Academy. Kama ada za maombi ni mzigo, mwambieni mshauri wa shule, kuna misamaha. Wa shule yetu alikuwa na wanafunzi zaidi ya mia tatu, asingetukumbuka tusingegonga mlango.

Kwenye kuchagua vyuo, angalieni bei kabla mtoto hajapenda rangi ya fulana. Vyuo vinavyopokea pesa za msaada wa serikali kuu vinatakiwa kisheria kuweka kwenye tovuti zao kikokotoo cha gharama halisi. Kaa na karatasi zako za kodi, jaza, nusu saa imeisha. Na muwe waangalifu na Early Decision, njia ya kuomba chuo kimoja mapema, ambayo tarehe zake kwa kawaida huangukia mwanzoni au katikati ya Novemba. Ukikubaliwa kwa njia hiyo umejifunga, unaondoa maombi mengine yote. Kwa familia inayohitaji kulinganisha pesa, mimi naiona kama kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Machi barua zikaanza kuingia. Ya chuo kimoja ilitangaza msaada wa dola 31,000 kwa mwaka, tukapiga vigelegele. Kisha nikachukua kalamu. Ruzuku 12,000. Mkopo wa jina lake 5,500. Kazi ya chuoni 2,500, ambayo lazima kwanza aipate na aifanye. Na 11,000 ni mkopo wangu mimi mzazi, umepangwa humo humo kama zawadi. Gharama ya mwaka 38,000. Ukiondoa ruzuku, zinabaki 26,000 za kutoka mfukoni mwetu, leo au kesho. Chuo kingine, ambacho nilitaka tukiache kwa sababu bei yake ilisomeka 61,000, kilitoa ruzuku ya 47,000. Zikabaki 14,000. Chuo cha bei kubwa ndicho kilichokuwa rahisi.

Hata hizo 14,000 zilikuwa zinatushinda, maana Januari kazini walinipunguzia saa, na FAFSA husoma kodi za miaka miwili nyuma. Nikapiga simu ofisi ya msaada wa fedha ya chuo, sauti ikitetemeka, nikaomba waangalie upya. Yule dada hakushangaa hata kidogo. Akataka barua ya mwajiri na hati za mshahara za miezi mitatu. Baada ya wiki tatu wakaongeza 2,800, siku chache kabla ya tarehe 1 Mei, ambayo kwa vyuo vingi ndiyo mwisho wa kuthibitisha nafasi.

Mdogo wake anaingia darasa la 12 Agosti hii. Jana nimejaribu kuingia kwenye akaunti yangu kwa majina yale ya kadi, imefunguka mara ya kwanza.