Barua kwa Mwanangu Anayeamka Amechoka

Mwanangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako mara kadhaa kabla ya kukaa kuandika. Unauliza ni muda gani wa kulala unaomtosha mtu wa umri wako, na kama itafaa ununue saa ya mkononi ya kupima usingizi, kwa sababu unapata muda wa saa 8 kitandani na bado unaamka hoi, kichwa kizito, kinywa kikavu, na ikifika mchana unashindana na kope zako. Swali la kwanza lina jibu fupi: mwaka 2015 vyama viwili vya wataalamu wa usingizi nchini Marekani vilipendekeza kwamba mtu mzima alale saa 7 au zaidi kila usiku, nawe unazipata. Saa ya mkononi nitaifikia. Lakini mwishoni mwa ujumbe umeandika maneno machache, kama mtu anayetaka kuyapitisha haraka, na hayo ndiyo yaliyoninyima utulivu: “Labda nimekuwa mvivu tu, Mama.” Hilo ndilo nitakalolijibu kwanza, hata kama hukuliuliza.

Uchovu si tabia ya mtu. Umenisikia nikisema hivyo tangu ukiwa mdogo, kaka zako wameshachoka kulisikia, na sitaacha kulisema. Mvivu anazo nguvu lakini hataki kuzitumia. Mtu aliyechoka anataka, anajilazimisha, na mwili unamgomea. Wewe unafanya kazi mbili na bado unajilaumu kwa kuwa unaamka kwa taabu. Sijamwona mvivu anayejilaumu namna hiyo, ila nimemwona mtu mmoja aliyejilaumu hivyo kwa miaka mingi, naye ni baba yako.

Najua unaikumbuka siku ya mahafali yako. Najua pia kwamba ulimwona amesinzia jina lako lilipoitwa, kwa sababu uliposhuka jukwaani ulinikumbatia mimi, naye ukampa mkono tu. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo, na sikulaumu. Usichokijua ni kilichotokea katika safu yetu. Jamaa mmoja aliyeketi nyuma yetu, mtu wa ukoo wetu wenyewe, alisema kwa sauti ya kutosha kusikiwa na safu nzima, “Hata leo!”, na watu wakacheka. Baba yako alishtuka kwa kile kicheko, akaanza kupiga makofi wakati wenzake walikuwa wameshamaliza. Nikaushika mkono wake ili auteremshe, na hapo ndipo nilipoona kiganja chake: kilikuwa na alama nyekundu za kucha, nne zilizopangana chini ya vidole, nyingine zimekwaruza ngozi. Tangu hotuba ya kwanza alikuwa amejifinya ili asisinzie, apate kuliona tukio lile alilolingoja kwa miaka yote ya masomo yako. Yule jamaa aliona mtu anayelala. Mimi niliona mtu aliyepigana mpaka akashindwa, na nikikumbuka kicheko kile hata leo moyo unanichemka.

Kwa nini alishindwa? Kwa sababu usiku wake haukuwa usingizi, na mimi niliyelala kando yake niliujua. Alikuwa akikoroma kwa sauti inayopanda, inapanda, kisha inakatika ghafla. Kimya. Katika kimya hicho kifua chake kiliendelea kuinuka na kushuka kama kawaida, lakini nilipoweka mkono mbele ya pua yake hapakuwa na pumzi iliyotoka. Nilihesabu moyoni, na mara nyingi nilifika 20 kabla hajashtuka kwa mkoromo mkubwa, akageuka upande wa pili, na mambo yakaanza upya. Asubuhi alisema amelala usingizi wa pono. Hakuwa anadanganya, mtu anayezinduliwa namna ile huzinduka kwa sekunde chache tu, na akili haiweki kumbukumbu yake.

Daktari wa kwanza alimtazama, akaona si mnene, akamwandikia vidonge vya vitamini. Wa pili akamshauri apunguze mawazo. Ni wa tatu tu aliyenigeukia mimi na kuniuliza, “Wewe unayelala naye, unasikia nini usiku?” Swali hilo moja ndilo lililofungua kila kitu, na mpaka leo naamini kwamba mtu anayelalamikia uchovu aulizwe pamoja na yule anayemsikia akilala.

Ugonjwa wenyewe unaitwa apnea ya usingizi, yaani kukatika kwa pumzi mtu akiwa amelala. Misuli ya koo ikilegea usingizini, njia ya hewa hujifunga; hewa haiingii, oksijeni katika damu inapungua, na ubongo unalazimika kumzindua mtu ili avute pumzi. Madaktari huhesabu kila mkatiko unaofika sekunde 10 au kuzidi. Mikatiko mitano kwa saa tayari ni tatizo, na ikizidi 30 kwa saa wanasema ugonjwa ni mkali. Baba yako alikuwa katika kundi hilo la mwisho. Fikiria mtu anayeamshwa hivyo usiku kucha, mwaka baada ya mwaka, halafu mchana aambiwe kwamba hana bidii. Tiba aliyopewa unaifahamu: ile mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani ili koo lisijifunge, ambayo iliundwa na daktari wa Sydney, Colin Sullivan, na kutangazwa mwaka 1981. Wiki za mwanzo barakoa ilimsumbua, akawa anaivua usiku bila kujua. Lakini baada ya kuizoea, asubuhi moja niliamka nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshaoga, ananitazama. Akaniuliza, “Kumbe hivi ndivyo ninyi wengine mnavyoamka kila siku?” Sikuweza kumjibu. Sijui kama nilifurahi zaidi au niliumia zaidi, kwa kuwa furaha yake ilinionyesha ukubwa wa kile alichokuwa amekikosa.

Sasa nijipinge mwenyewe, maana nakusikia ukisema kwamba Mama anaona ugonjwa wa Baba kila mahali. Ni kweli kwamba wengi wanaoamka wamechoka hawana apnea. Ni kweli pia kwamba dakika za kwanza baada ya kuamka si kipimo cha haki cha usiku uliopita: ubongo hauzinduki wote kwa mara moja, na ule uzito wa kichwa kwa kawaida hudumu robo saa hadi nusu saa, na huwa mbaya zaidi kengele ikikukuta katika usingizi mzito. Kwa hiyo usiihukumu asubuhi ukiwa bado kitandani. Na ile desturi yako ya kuahirisha kengele mara kwa mara inakurudisha kwenye usingizi wa mang'amung'amu na kukutoa tena. Afadhali uiweke kengele mahali pa kuifuata kwa miguu, kisha utoke nje upate nuru ya asubuhi, kwa sababu nuru ya nje, hata siku ya mawingu, huzidi sana ya taa za ndani, nayo ndiyo inayoiambia saa ya mwili kwamba usiku umekwisha.

Kuna na kahawa. Unasema unakunywa kikombe cha mwisho saa kumi jioni na hakikuzuii kulala. Sipingi kwamba unalala. Lakini kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua kwa nusu mwilini, hivyo ifikapo saa tatu usiku nusu ya kikombe kile bado imo katika damu. Kinachokufanya usinzie ni adenosini, kemikali ya mwili inayojikusanya katika ubongo kadiri unavyokaa macho. Kafeini haiiondoi, inazuia tu isihisiwe, na hata ukipata usingizi, unakuwa mwepesi kuliko unavyostahili.

Kuhusu saa ya mkononi: ukitaka kuinunua, inunue, lakini usiitegemee kwa swali hili. Inakisia usingizi kwa kupima jinsi unavyojigeuza na jinsi moyo unavyopiga. Maabara ya usingizi huweka vipimo kichwani ili kusoma mawimbi ya ubongo, na vingine puani, kifuani na kidoleni ili kujua pumzi na oksijeni. Mambo hayo mawili hayalingani. Ninachohofia zaidi ni kwamba saa ile itakupa alama nzuri, nawe utarudi kwenye lile neno lako kwamba wewe ni mvivu.

Nimebakisha jambo ambalo ningependa kulikwepa, nalo ni kazi yako ya jioni. Umeniandikia kwamba siku za kazi hiyo unapanda kitandani ikiwa saa nane usiku, na siku nyingine ikiwa saa nne usiku, na kwamba idadi ya saa unazolala haibadiliki. Idadi haibadiliki, ndiyo, lakini wakati unabadilika, na mwili unaujali wakati. Mwaka 1938 mtafiti wa usingizi, Nathaniel Kleitman, aliingia na mwanafunzi wake Bruce Richardson katika pango la Mammoth huko Kentucky, Marekani. Walikaa humo siku 32 bila nuru ya jua, wakijaribu kuishi kwa siku yenye saa 28 badala ya 24. Mwanafunzi, aliyekuwa kijana, aliizoea. Kleitman, aliyekuwa amevuka miaka 40, hakuweza. Joto la mwili wake liliendelea kupanda na kushuka kwa mzunguko wa saa 24 kana kwamba pango halikuwapo. Watu wawili, kitanda cha aina moja, ratiba moja, na miili miwili iliyojibu tofauti. Hakuna aliyemwita Kleitman mvivu. Wenzako wanaofanya zamu hiyo hiyo na kuamka wachangamfu hawakuzidi kwa bidii. Huenda miili yao inakubali tu kile ambacho wako unakikataa.

Nilikuwa nimeandika hapa sentensi ndefu kuhusu unachopaswa kufanya na kazi hiyo, nikaiondoa. Maoni yangu unayajua, na si vigumu kuyakisia hata kwa asiyenijua. Lakini ni wewe unayejua fedha zile zinabeba nini, na mtu mzima hapangiwi riziki kwa barua. Halafu najiuliza: je, mzazi anayeona akanyamaza amefanya wema? Baba yako anasema ninyamaze. Basi nitasema moja tu, kwamba kama ungeweza kuamka wakati ule ule kila siku kwa wiki mbili, hata siku za mapumziko, ungejua ni sehemu gani ya uchovu huu inatokana na ratiba. Zaidi ya hapo naziba kinywa changu, ingawa si kwa kupenda.

Uamuzi huo ni wako. Lakini kwenda kwa daktari sikuachii uamue, nakuomba uende. Usiende na neno “nimechoka” peke yake, kwa sababu kila mtu analo, na halimwelezi daktari lolote. Mweleze kinywa kinachoamka kikavu, mweleze kama kuna kichwa kinachouma asubuhi, mweleze unaamka mara ngapi usiku kwenda haja, na kama umewahi kusinzia ukiwa unazungumza na mtu au ukiwa njiani. Mwombe apime damu, hasa kiwango cha chuma na tezi ya shingoni, kwa sababu upungufu wa damu huwapata sana wanawake wa umri wako, na tezi inayofanya kazi kwa uzembe humchosha mtu hata akilala vizuri. Akikuuliza kama una huzuni ya muda mrefu, usimjibu upesi kwamba hapana. Sonona huvuruga usingizi, na mara nyingine mwenye nayo huihisi kama uchovu tu.

Na akikuambia kwamba wewe si mnene na hukoromi, kwa hiyo haiwezi kuwa apnea, usikubali mazungumzo yaishie hapo. Wanawake wengi wenye ugonjwa huu hawakoromi kwa kishindo kama wanaume; hulalamikia uchovu, kukosa usingizi na maumivu ya kichwa, na ndiyo maana huchelewa kutambuliwa. Mwombe yule mwenzako mnayeishi naye akusikilize usiku mmoja au miwili, asikilize pumzi na si mkoromo tu, kisha aandike alichosikia.

Mwambie daktari pia kwamba baba yako ana ugonjwa huu. Umbo la taya na la koo hurithiwa, na taya lako ni lake kabisa. Nimemwuliza kabla ya kuandika haya, naye amekubali uitaje habari yake yote, pamoja na idadi ya mikatiko. Majibu ya kipimo chake ninayo kabatini. Nitayapiga picha kesho na kukutumia ili uende nayo.

Mama yako